Vyombo vya Msafisha Mazulia wa Tassia

Kijana wa Tassia aliyekwisha kuweka akiba kidogo, akaona ya kuwa kila mlango wa ghorofa aupitao ndani yake mna zulia, na ya kuwa kila zulia lina siku yake ya kumwagikiwa chai, hakosi kufikiri kwamba hapa pana tijara isiyotaka shahada wala duka la mbele ya barabara. Na kufikiri hivyo si kosa. Kosa huja baadaye, anapoingia mjini na fedha mfukoni akauliza ni mashine gani iliyo na nguvu kupita nyingine, naye muuzaji, ambaye kazi yake ni kuuza, akamwonyesha ile irushayo maji kwa kishindo kikubwa. Atakaye kuifanya kazi hii katika mtaa kama huu sharti aulize kwanza maji yatatoka wapi, yatapandaje hadi ghorofa ya sita, na yakiisha kuingia zuliani yatatokaje humo kabla jua halijachwa; na akisha kuyajibu hayo ataona ya kuwa nusu ya vyombo vyake vimekwisha kuchaguliwa pasipo msaada wa muuzaji.

Tassia iko mashariki ya Nairobi, katika Embakasi, jirani ya Fedha na Pipeline, nayo huingiwa kutoka barabara ya Outer Ring. Ardhi yake ilikuwa mali ya Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, na viwanja vilipokwisha kupata wenyewe nyumba zikasimama ghorofa juu ya ghorofa, ilhali barabara na mifereji ya maji machafu ikabaki nyuma ikizifuata nyumba badala ya kuzitangulia. Hata mwaka 2014 mradi wa Hazina hiyo wa kutia barabara na mifereji katika sehemu iitwayo Tassia II, ambao gharama yake ilitajwa kuwa zaidi ya shilingi bilioni 5, ukawa neno la Bungeni na la magazetini. Siasa za jambo hilo sitaziingilia. Nalitaja kwa kuwa msafisha mazulia ndiye anayekutana nalo kila siku, likiwa limeingia nyumbani kwa watu chini ya nyayo za viatu: ule udongo mweusi wa mfinyanzi wa Embakasi, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa na kuwa vumbi jembamba kama poda, na wakati wa masika hugeuka tope lishikalo kiatu lisikiachilie.

Vumbi la udongo huo halikai juu ya zulia. Hushuka likaketi kwenye mizizi ya nyuzi, ambako jicho halilioni na ufagio haulifikii, na kila akanyagapo mtu punje zake huzisugua nyuzi na kuzikata polepole. Asiyeijua kazi humwagia maji zulia la namna hiyo mara tu alipokeapo, akalipiga sabuni na brashi kwa bidii. Basi lile vumbi, lililokuwa kavu na jepesi kuondoka, hugeuka tope ndani ya nyuzi, na brashi ikazidi kulizamisha. Kwa sababu hiyo chombo cha kwanza cha kununuliwa, kabla ya sabuni na kabla ya mashine yoyote ya maji, ni vakyumu ya kufyonza vumbi kavu, na rai yangu ni kuwa kila zulia la Tassia lipitishwe vakyumu mara mbili, mara ya kwanza kwa urefu na mara ya pili kwa upana, ndipo maji yaruhusiwe kuligusa. Ziko vakyumu zifyonzazo kavu na maji pia, nazo zamfaa sana mtu anayeanza na rasilmali ndogo, mradi akumbuke kuutoa mfuko wa karatasi na kichujio cha vumbi kabla ya kufyonza maji. Wengi husahau, na mfuko ukilowa mara moja umekwisha.

Historia ya chombo hiki ina jambo la kumwonya mnunuzi wa leo. Hubert Cecil Booth, mhandisi wa Kiingereza, alipata hataza ya mashine ya kufyonza vumbi mwaka 1901, nayo ilikuwa kubwa hata ikakokotwa na farasi na kusimamishwa njiani mbele ya nyumba, huku mipira mirefu ikipenyezwa madirishani ili kuyafikia mazulia ya ndani. Kwa mashine hiyo yalisafishwa mazulia ya kanisa la Westminster Abbey kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Edward VII mwaka 1902. Miaka michache baadaye James Murray Spangler, msafisha jengo moja huko Ohio, Marekani, ambaye vumbi la kazi lilikuwa likimsumbua kifua, aliunda ya kwake kwa injini ndogo ya feni, kisanduku na foronya ya mto, akaipatia hataza mwaka 1908. Nayo ndiyo iliyoingia nyumbani kwa watu chini ya jina la Hoover, aliyezinunua haki za Spangler. Ya Booth ilikuwa na nguvu zaidi bila shaka, walakini ya Spangler ilipanda ngazi. Na Tassia, ambako majengo mengi ya ghorofa tano, sita na zaidi hayana lifti, ngazi ndiyo hakimu wa kwanza wa kila mashine.

Sasa tuje kwenye maji, ambayo ndiyo kiini cha mambo yote. Mji wa Nairobi hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, na tangu hapo mji umekua pasipo maji kukua kwa kadiri hiyo; basi maji ya mfereji hugawanywa kwa zamu, na katika mitaa ya Embakasi wapangaji hutegemea visima virefu vilivyochimbwa na wenye ploti, au mikokoteni ipitayo na mitungi ya lita 20. Kila mtungi una bei, na bei hiyo hupanda siku maji yanapoadimika.

Tupige hesabu. Mashine ya presha ya wastani hutoa maji kama lita 10 kwa dakika moja, nalo zulia la futi 6 kwa 9, ambalo ni la kawaida sebuleni, likioshwa kwayo kwa dakika 20 huwa limekunywa lita 200, yaani mitungi 10. Mashine ndogo ya kunyunyiza na kufyonza, ile yenye matangi mawili, moja la maji safi na moja la maji machafu, hunyunyiza lita moja hivi kwa dakika na papo hapo kuyavuta maji hayo kwa mdomo wake mpana. Kwa zile dakika 20 itatumia mtungi mmoja. Tofauti ya mitungi tisa kwa kila zulia, mtu akifanya mazulia manne kwa siku, ni mitungi 36, na sidhani yuko mfanyabiashara mchanga awezaye kuipuuza. Fauka ya hayo maji ya visima vya upande huu aghalabu yana chumvi, na chumvi haipandi na mvuke: maji yakikaukia zuliani, chumvi yake hubaki nyuzini, yakifyonzwa, huondoka nayo.

Walakini nisije nikaionea mashine ya presha. Kampuni ya Kärcher ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1935, ilitoa mashine yake ya kuoshea kwa maji moto ya shinikizo kubwa mwaka 1950, na tangu wakati huo chombo cha jamii hiyo kimeenea duniani kote hata kikafika katika kila pahali pa kuoshea magari Eastlands, yaani mitaa ya mashariki ya Nairobi, ambapo vijana, gari lisipokuwapo, hutandaza zulia la mtu juu ya sakafu ya saruji, wakalisugua kwa brashi na sabuni ya unga, wakalisuuza, na kulitundika juu ya vyuma vya kando ya njia. Zulia la manyoya marefu lililokaa mwaka mzima bila kuoshwa, likalaliwa na watoto na kumwagiwa uji, hutakata hivyo vizuri kuliko linavyoweza kutakata kwa mashine ndogo sebuleni, na mwenye kukanusha hilo hajafanya kazi. Lakini njia hiyo inataka kiwanja chenye mteremko, tangi kubwa la maji, shimo la kupokea maji machafu, mlinzi wa usiku, na jua. Asiye na kiwanja akinunua mashine ya presha kwanza amenunua chombo asichokuwa na mahali pa kukitumia, maana hakuna keyateka wa jengo atakayekubali lita 200 zimwagike ngazini.

Tena kishindo chenyewe kina madhara. Mashine ya kunyunyiza na kufyonza hurusha maji kwa shinikizo la bar moja au zaidi kidogo, ile ya presha hupita bar 100, na mdomo wake ukisogezwa karibu mno hung'oa nyuzi na kuitenganisha gundi ya mgongo wa zulia. Atakayeitumia aweke ncha yenye kutawanya maji kama feni, asitumie ile ya tundu moja jembamba, na akae mbali kwa urefu wa mkono.

Kwa hiyo mtu anayeanza Tassia bila kiwanja, ambaye atakwenda nyumba kwa nyumba, namshauri fedha yake kubwa aiweke kwenye kufyonza. Na hapa sharti ajue kuisoma mashine, kwa sababu maandishi ya sandukuni hupenda kutaja wati peke yake, ilhali wati ni hesabu ya umeme unaoliwa, nao hausemi kazi iliyofanywa. La kuuliza ni nguvu ya kuvuta maji juu: muuzaji akubali mashine iwashwe, mpira utiwe katika ndoo, na saa itazamwe mpaka ndoo iishe. Kisha afungue kifuniko aone kama mota hupozwa kwa hewa yake yenyewe, mbali na ile hewa yenye unyevu inayotoka zuliani, kwa kuwa mota inayopozwa kwa hewa ya zulia hufa mapema. Aone pia kama liko boya la kukata mvuto tangi linapojaa, maana pasipo boya siku moja maji yatapanda hadi kwenye mota na kazi itakuwa imekwisha. Aguse mpira na viungio vyake. Mpira mwembamba wa nyumbani hujikunja na kupasuka ukiburuzwa katika sakafu za watu kila siku.

Ukubwa wa tangi ni jambo ambalo tamaa humshinda mtu. Mashine ya lita 60 au 70 yenye mota mbili au tatu hupendeza macho, na katika hoteli au kanisa lililotandikwa zulia zima ndiyo hasa inayofaa. Lakini lita moja ya maji ni kilo moja, na tangi la lita 60 likijaa limekuwa kilo 60 juu ya uzito wa mashine yenyewe, mzigo ambao vijana wawili watashuka nao ghorofa sita wakitukanana. Mashine ya matangi ya lita 10 ina uzito wa kilo 11 hivi ikiwa tupu. Mtu mmoja huipandisha kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukabaki na brashi na dawa. Itambidi kujaza na kumwaga mara nyingi zaidi, ndiyo, lakini choo cha mwenye nyumba ki hatua tano kutoka sebuleni.

Umeme nao una sheria zake. Plagi ya Kenya, yenye fyuzi ya ampea 13 kwenye volti 240, mwisho wake ni wati 3,120. Mashine yenye mota ya wati 1,250 hukaa ndani ya mpaka huo kwa raha, lakini ile yenye mota mbili pamoja na kichemsha maji cha wati 2,000 huuvuka, na nyaya za nyumba nyingi za kupanga hazikutiwa kwa kazi hiyo. Waya wa kuongezea usiwe ule mwembamba wa redio. Ununuliwe wenye unene wa milimita za mraba 2.5, nao ukunjuliwe wote wakati wa kazi, kwa kuwa uliozungushwa kwenye kigurudumu hupata moto. Kadhalika ikumbukwe ya kuwa umeme anaoutumia fundi ni tokeni za mwenye nyumba, naye huiangalia mita kwa jicho kali. Mashine ya wati 1,250 kwa saa moja hula uniti moja na robo, na fundi mwenye adabu humwambia mteja hesabu hiyo kabla ya kuwasha, mteja asije akadhani fundi amekuja kummalizia tokeni za wiki.

Juu ya brashi na sabuni nitasema machache. Mashine ya brashi ya duara, ile izungukayo chini ya mpini mrefu, ni nzito na ni ya kumbi kubwa. Sebule yajitosheleza kwa brashi ya mkono ya nyuzi laini. Sabuni ya unga ya kufulia nguo, kwa urahisi wake wote, hubaki zuliani isipofyonzwa vyema, na mabaki yake hunasa vumbi jipya, ndipo mteja akashangaa zulia lake limechafuka upya kabla ya wiki mbili. Sufi haitaki dawa kali za magadi wala jiki, ambayo huila. Aghalabu mazulia ya mtaani ni ya nyuzi za plastiki, ambazo huvumilia zaidi, lakini fundi ajaribu kwanza pembeni kwa kitambaa cheupe kilicholowa, na kitambaa kikitoka na rangi asiendelee mpaka amezungumza na mwenyewe. Madoa ya maziwa, mayai na damu yasipigwe maji moto, kwani moto huyagandisha.

Kukausha ndiko kunakotenga mafundi na wabahatishaji. Nairobi ina masika kutoka Machi hadi Mei na vuli kutoka Oktoba hadi Desemba, na kati yake mwezi wa Julai wenye mawingu na baridi ambamo jua hutoka saa chache tu. Ukizijumlisha nyakati hizo utaona ya kuwa zaidi ya nusu ya mwaka msafisha mazulia hawezi kulitegemea anga. Zulia likikaa limelowa zaidi ya siku moja hushika ukungu na harufu ambayo hakuna manukato yatakayoifunika, nayo harufu hiyo husemwa ngazini kwa majirani wote, hata kijana akapoteza jengo zima kwa zulia moja. Ndiyo sababu nikaiweka fedha kwenye kufyonza: pitisha mdomo wa mashine mara moja ukinyunyiza, kisha mara mbili au tatu bila kunyunyiza, na zulia litabaki na unyevu mdogo ambao feni moja kubwa ya kupuliza chini kwa chini, madirisha yakiwa wazi, itaumaliza kwa saa chache. Feni hiyo, ambayo wengi huiona anasa, mimi naihesabu chombo cha tatu baada ya vakyumu na mashine ya kufyonza. Wale wategemeao paa la jengo wajue ya kuwa kamba za huko ni za nguo za wapangaji na zina wenyewe, na zulia zito la sufi lililoloa huziangusha. Atakaye kuanika juu atengenezewe vyuma vyake na wahunzi wa jua kali wa Kamukunji, nao humtengenezea mtu kwa vipimo vyake mwenyewe. Wenye kiwanja na kazi nyingi huweza baadaye kutafuta ule mtambo mrefu wa kuzungushia zulia lililokunjwa, utoao maji kwa dakika chache, lakini huo ni wa karakana, wala si wa kuanzia.

Katika bei, nitatoa mfano wa hesabu tu, pasipo kumtaja muuzaji. Tuseme mashine ya shilingi 60,000 ikafanya kazi miaka miwili kwa siku 300 kila mwaka. Hizo ni siku 600, na kila siku imemgharimu mwenyewe shilingi 100. Nyingine ya shilingi 15,000, iliyoundwa kwa kazi ya nyumbani mara moja kwa mwezi, ikatiwa kazi ya kila siku ikafa baada ya siku 100. Kila siku yake imegharimu shilingi 150, na juu ya hapo kuna siku za kukaa bure na mteja aliyeachwa na zulia la sabuni. Urahisi wa mashine upimwe namna hiyo. Zile zilizokwisha kutumika ng'ambo si mbaya, aghalabu ni imara kuliko mpya za bei ya chini, ila mnunuzi asilipe kabla ya kujua kaboni za mota, mpira wa pampu na kifuniko cha tangi vitapatikana wapi. Spea za mashine ya presha yenye injini ya petroli, mikanda na mafuta yake, mafundi wa Kirinyaga Road wanazijua, lakini za mashine ya kufyonza iliyokwisha kuachwa kuundwa huenda zisipatikane Nairobi nzima. Mwenye hadhari huikodi mashine ya namna hiyo mwisho wa wiki kadhaa, au hushirikiana na mwenzake aliye nayo, kabla ya kununua ya kwake.

Limebaki suala la maji machafu, ambalo huonekana dogo mpaka afike mkaguzi. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 na kanuni zake za ubora wa maji, ambazo msimamizi wake ni mamlaka iitwayo NEMA, zinakataza kuyaelekeza maji ya uchafu mitoni, na mifereji ya wazi ya upande huu huishia Mto Ngong. Mwenye mashine ya kufyonza ana lita 20 tu mkononi. Huyachuja manyoya kwa kitambaa, akayatia takatakani, na maji akayamwaga chooni kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Mwenye presha ana lita 200 kwa kila zulia, zenye tope jeusi na povu, na kwake yeye shimo la kutulizia tope, wavu wa kunasa manyoya na bomba la kufikia mfereji wa taka wa mji si mambo ya baadaye: gharama yake iandikwe pamoja na bei ya mashine, katika karatasi ile ile, kabla hajatoa senti.